Tarishi wa Tezi ya Thaimasi

Jumatatu, 3 Machi

Naapa kuandika kila kitu humu, hata yatakayoniaibisha. Ingawa sioni yatatoka wapi.

Habari kubwa! Ijumaa kuna maonyesho ya sayansi. Mshindi atapelekwa maabara ya hospitali, anakofanya kazi shangazi, akatazame seli hai kwa hadubini kubwa. Nimembembeleza shangazi miaka miwili. Jibu ni lilelile: mwanangu, hapa si sokoni, haingii mtu bila kutumwa na shule. Basi nitatumwa.

Mada yangu ni tezi ya thaimasi. Imekaa nyuma ya mfupa wa kifua, nayo ni shule ya seli za kinga. Seli changa hushikamana na seli za humo kwa protini zenye kunata, hufundwa, kisha huachia na kwenda zao. Zikinata mno, hazihitimu. Zisiponata, hazijifunzi. Mmoja wa wanaopima gundi hiyo ni maikro-RNA, kiuzi kidogo ajabu. Seli inapotuma ujumbe "tengeneza gundi", chenyewe huukamata njiani. Hakipigi kelele. Hakigombani na mtu. Gundi inapungua tu.

Kidogo hivyo, na kina amri! Nimekipenda.

Jumanne, 4

Nimeunda mfano: sinia, gundi ya unga wa ngano niliyopika mwenyewe, na shanga za dada (hajui). Gundi ya kwanza nzito. Shanga hazibanduki, wala mwiko wa mama. Ya pili nyepesi. Shanga zote chini ya kabati. Ya tatu ndiyo yenyewe! Zinashika, zinateleza, zinashika. Nikajipigia makofi.

Tatizo ni marafiki wawili tunaowaita Kufuli na Ufunguo. Mmoja yuko mkondo A, mwenzake mkondo B, lakini ni chanda na pete. Wameunda moyo wa mpira unaorusha maji mekundu. Watu hupenda kurushiwa maji. Nilipoleta sinia walione, Kufuli akaniuliza mbele ya darasa kama hiyo ni sayansi au nimesahau kuosha vyombo.

Nikacheka pamoja na wenzangu. Moyoni mpango umeshaiva.

Jumatano, 5

Shuleni simu haziruhusiwi. Kila kikaratasi cha kwenda mkondo mwingine hupitia kwa tarishi. Tarishi ni mimi. Nilichaguliwa kwa uaminifu.

Basi leo mimi ni maikro-RNA! Karatasi zote za kwenda kwa Kufuli zimeishia ndani ya atlasi yangu, ukurasa wa bahari. Sijasoma hata moja. Barua za watu hazisomwi, nimelelewa.

Kufikia saa sita gundi imelegea. Ufunguo analalamika kwamba mwenzake siku hizi ana maringo, karatasi tatu hajajibu hata moja. Kufuli akasikia, akasema kama ni hivyo kila mtu achukue upande wake wa moyo. Wakaukata mpira!

Jioni nilimweleza shangazi, kwa mfano tu. Akacheka, kisha akaniasa: maikro-RNA moja hainyamazishi ujumbe mmoja tu, hugusa mingi kwa mpigo, ndiyo maana hata wao wa maabara huenda nayo polepole. Shangazi ni mwoga kidogo.

Alhamisi, 6

Niliapa, basi naandika.

Saa nne jaji akaingia. Leo! Mezani hapakuwa na kitu. Sinia langu liko nyumbani, moyo umekatika mapande mawili. Mwalimu wa sayansi akashangaa: jana si alimwandikia Kufuli, kiranja wa sayansi, awatangazie wote kwamba maonyesho yamesogezwa? Kufuli akaapa hajaona karatasi. Ufunguo akasema mbona na zake tatu hazikufika. Wakatazamana. Kisha wakanitazama mimi.

Atlasi ikafunguliwa. Karatasi ya mwalimu ndiyo ilikuwa ya juu.

Jaji hakutaka kuondoka mikono mitupu. Ushindi akayapa maharage yaliyoota kwenye pamba pale dirishani. Mwenye maharage alikuwa ameyasahau tangu mwezi uliopita.

Kufuli na Ufunguo sasa wanatembea wameshikana viuno. Wananata kuliko mwanzo. Mimi wameniita Atlasi.

Ijumaa, 7

Nimetafakari sana na kosa langu nimelipata. Nadharia ilikuwa sahihi. Kosa ni kutosoma! Maikro-RNA hulinganisha herufi za ujumbe kwanza, ndipo huukamata. Adabu ndiyo iliyoniponza.

Leo nilibeba sinia hata hivyo. Mwalimu akaligusa, akanipa mgongo kama anayeficha kicheko, akasema hajawahi kuona thaimasi ikielezwa vizuri vile, na kwamba muhula ujao kuna maonyesho mengine. Kisha akageuka, akanikabidhi barua nimpelekee mama. Nitabaki tarishi hadi Jumatatu, eti nijue uzito wa karatasi. Bahasha imegandishwa kwa gundi nyepesi. Nimeipima kwa kidole.

Shangazi, ukurasa huu nauchana, dada atakuletea. Nijibu kwa mkono wa dada huyohuyo kabla ya saa kumi na moja, mama atakapotoka kazini: ujumbe ukishikiliwa njiani hadi muhula ujao, je, seli iliyopaswa kuupokea hugundua?