Kiti Kinachodai Mshahara

Jumatatu, 3 Machi

Leo kiti kimegoma. Si kiti cha dukani, wala cha sebuleni. Kiti cha gari langu! Gari nililolinunua wiki iliyopita kwa akiba ya miaka mingi ya kuuza mapazia. Wiki nzima kilinipuliza ubaridi mgongoni hadi nikasahau jasho ni nini. Asubuhi hii nimekaa, nimebonyeza, kimya. Badala ya ubaridi yametokea maandishi kwenye dashibodi: siku saba za majaribio zimekwisha. Anayetaka kiti kipoe, kiyoyozi kipulize kwa nguvu, na simu ifungue milango, alipie kifurushi cha starehe kila mwezi.

Kila mwezi! Kiti kimo ndani ya gari. Feni imo ndani ya kiti. Mimi nimo juu ya feni. Sasa ninalipia nini?

Mke wangu alisema nilipe au niache, lakini nisimpigie kelele kabla hajamaliza kuvaa. Mwanamke hana msimamo.

Kosa langu ni kwamba nililalamika tena nilipofika dukani, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Ng'ambo ya barabara yupo mshindani wangu. Mtaa mzima unamwita Nailoni, maana anauza mapazia ya nailoni na kuapa kwamba ni hariri. Ana pikapu kuukuu, vioo vyake hushushwa kwa kuzungusha mkono. Akaniuliza, kwa upole wa kinafiki, kama gari nimelinunua au nimelikodi. Wateja wake wakacheka. Damu ikanichemka. Nikala kiapo palepale, katikati ya barabara: sitalipa hata senti moja kwa kiti ambacho ni changu!

Walipiga makofi. Nilijisikia vizuri sana hadi nilipoketi na kukumbuka Jumamosi.

Mama mmoja anafungua hoteli mpya na anatafuta mtu wa kumshonea mapazia ya vyumba vyote. Amebakiwa na watu wawili: mimi na Nailoni. Jumamosi nampeleka kwenye ghala la vitambaa, nje ya mji, akachague mwenyewe. Ni mnene, mpenda raha, na hachukii kitu kama joto. Nikiipata kazi hii, fundi wangu wa cherehani ataacha kuniambia kila siku kwamba kuna mahali wanatafuta fundi. Nikiikosa, duka halifiki mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo kiti lazima kipoe. Na kiapo lazima kisimame. Nitafikiri.

Jumanne, 4 Machi

Nimefikiri!

Nimegundua kwamba siku saba za bure hazihesabiwi kwa gari. Zinahesabiwa kwa namba ya simu! Namba mpya, mwenye gari mpya, siku saba mpya. Hawa watu wa kiwandani wamesoma lakini hawana ndugu wengi. Mimi nina ukoo mzima.

Nilianza na mke wangu. Alikataa kabla sijamaliza sentensi. Akasema namba yake haiingii kwenye upuuzi, na kama nataka bure, nipande baiskeli. Kaka yangu simu yake ni ya tochi. Fundi wangu simu yake ina ufa, ukibonyeza moja inaandika saba.

Nikamkumbuka mama mkwe. Mwalimu mkuu mstaafu, mjane, na wanawe wamemnunulia simu kubwa kuliko daftari. Nikampelekea vipande vya kitambaa vya kufunikia makochi. Nikamwamkia vizuri. Nikamweleza kwamba ni jambo dogo tu, kuna tarakimu zitaingia kwenye simu yake, anisomee basi.

Hakunisomea. Alivaa miwani. Akasoma masharti yote, ukurasa hadi ukurasa, kwa sauti, akisahihisha sarufi. Mimi nilikaa mikono magotini kama mtoto aliyechelewa shule. Mwishowe akakubali kila kitu, akajipiga picha kama alivyoelekezwa, na dashibodi ikaandika: Karibu, Mama.

Kiti kikapoa. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita mbele ya duka la Nailoni taratibu. Tatizo la ubaridi wa kiti ni kwamba aliye nje hauoni. Ikabidi nisimame, nishuke, nikamweleze. Alisema hongera na kuendelea kupima nailoni.

Saa sita mchana nilikuwa kwa kinyozi. Mama mkwe akapiga simu. Aliuliza kwa nini gari limesimama muda mrefu mahali penye kona, na kama nimepata pancha. Nikamuuliza amejuaje. Alifafanua kwamba yeye hachunguzi mtu, ni simu tu inayomwonyesha ramani. Akasema kinyozi huyo ni ghali.

Kurudi dukani, kiti kikaanza kupata moto. Moto wa kweli, kama wa pasi! Nikabonyeza baridi. Kikazidi. Nikampigia. Kwa furaha akaniambia yuko kwenye somo la pili la programu ya gari, anajaribu vitufe kimoja baada ya kingine, na je, ninasikia chochote?

Mtu mwingine ningemfokea. Lakini mama mkwe hafokewi. Nilimjibu kwamba nasikia, mama, nasikia vizuri, ahsante. Nimeendesha nusu ya safari nikiwa nimenyanyua makalio.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu kumwondoa. Haiwezekani. Anayeweza kumwondoa mwenye gari ni mwenye gari. Kwa mujibu wa programu, mwenye gari ni mama mkwe, na mimi ni dereva mwalikwa. Mwalikwa! Kwenye gari langu!

Nikapiga moyo konde, nikaenda kumwomba anitoe katika mateso haya. Nilipofungua mlango nikapokelewa kwa vigelegele. Alikuwa na wenzake wanne, wastaafu watupu, wamezunguka simu juu ya meza. Walikuwa wananifuatilia tangu dukani. Mmoja akanipongeza kwa jinsi nilivyokata kona ya sokoni. Mwingine akasema pale kwenye mzunguko ningepunguza mwendo.

Wenzake walipoondoka, mama mkwe akaniambia jambo. Tangu mume wake afariki, hakuna mtu anayemuaga akitoka wala kumwambia amefika. Sasa angalau yupo mmoja ambaye mahali alipo yeye anapajua.

Nilisikia uchungu, nakiri. Maneno yote niliyoyapanga yakayeyuka. Nikamwambia tu kwamba Jumamosi nitakuwa na mteja mkubwa, kwa hiyo tafadhali asiguse kitufe chochote. Aliapa kwamba hatagusa, labda iwe hatari.

Nikaridhika. Hatari gani?

Ijumaa, 7 Machi

Nimeosha gari. Kiti kimepoa. Mama mkwe amenipigia mara moja tu, kuuliza kwa nini gari halijatembea. Mambo shwari.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa kitandani, saa kumi alasiri, na pazia nimelifunga.

Asubuhi ilikuwa tamu. Mama mwenye hoteli aliketi, nikabonyeza baridi ya mwisho, akatoa pumzi ndefu na kufumba macho. Akasema huu ndio utu. Kisha akaniuliza kama ninalipia kila mwezi, maana amesikia watu wakilalamika. Yeye haoni ubaya wake: anayetaka alipe, asiyetaka avumilie. Hata hotelini kwake, chumba chenye upepo mzuri bei yake ni nyingine. Na humwamini zaidi mfanyabiashara anayelipia anachotumia.

Nikamwambia bila shaka ninalipia. Watu kama sisi, nikasema, hatubabaishwi na vitu vidogo. Ulimi wangu huu!

Tukafika ghalani. Nikaizima sauti ya simu yangu kwa heshima. Akachagua kitambaa kizito cha rangi ya majani makavu, ghali kuliko vyote, nami nikawa napiga hesabu kichwani huku nikijifanya natazama dari. Tukatoka nje. Majora mawili ya mfano begani mwangu. Yeye mbele, anakimbilia kiti chake.

Gari likapiga yowe. Taa zote zikawaka. Sauti ya kike, nzito, ikatangaza kwa eneo zima: gari hili limeibwa, usiliguse, mwenyewe amearifiwa.

Wabeba mizigo waliacha mizigo. Mlinzi akaja mbio na rungu. Mimi na majora yangu begani nilionekana mwizi kamili, wa gari na wa vitambaa pia. Mlinzi akataka uthibitisho. Kadi ya gari ilikuwa ndani ya gari, na milango imejifunga. Nikatoa simu, nikamfungulia programu. Ikaonyesha picha ya mama mkwe, na miwani, amekunja uso. Mwenye gari, imeandikwa. Mlinzi akaitazama picha, akanitazama mimi, akaniuliza kama huyu ndiye mimi.

Hapo ndipo pikapu ya Nailoni ilipoingia. Amekuja kuchukua nailoni yake. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitafurahi kuiona pikapu ile. Alishuka, akawaambia wote waniachie, ananifahamu, si mwizi. Alinitetea kwa moyo wote, lazima niandike ukweli. Akawaeleza kwamba gari ni langu kabisa, ila nina msimamo: mtaa mzima ulinisikia nikiapa kwamba sitalipa hata senti moja kwa kiti chake, na nikatumia namba ya mtu mwingine ili nisilipe. Nani alimwambia hilo la namba? Mimi. Jumatano. Nilipokuwa naringa.

Mama mwenye hoteli aligeuka na kunitazama polepole, kuanzia viatuni. Kisha akaenda kusimama kando ya pikapu.

Kisha ikaja teksi, na ndani yake mama mkwe na mke wangu. Mama mkwe alikuwa ameona gari linatoka nje ya mji na kusimama mahali asipopajua. Akanipigia, sikupokea. Akapiga tena na tena. Mwisho akajua nimevamiwa, akapanda teksi na mke wangu, na wakiwa njiani akabonyeza kitufe cha ulinzi. Alinishika mabega, akanigeuza, akanikagua kama nina jeraha. Macho yake yalikuwa mekundu. Ningemlaumu vipi? Nilitaka ardhi inimeze, na wakati huohuo nilitaka kumkumbatia. Mke wangu alikuwa ameuma kitambaa asicheke.

Mama mwenye hoteli alirudi mjini na Nailoni. Nilimwona akizungusha kioo chini kwa mkono wake, kisha akatoa kiwiko nje.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe alikuja kula nasi mchana. Alituarifu kwamba amesoma masharti tena: siku za bure zinaisha Jumanne, na zikiisha ramani inapotea. Kwa hiyo amelipa. Mwaka mzima! Kutoka kwenye pensheni yake! Anasema pesa hizo ni kidogo kuliko presha ya kutojua.

Nikamwambia si haki, nitamrudishia. Akasema nisithubutu, kwa sababu anayelipa ndiye mwenye gari, na yeye amezoea kuwa mwenye gari. Mke wangu alicheka hadi akakaa sakafuni.

Acheke. Kiti kinapoa na sijatoa senti. Kiapo kimesimama! Sijui kwa nini hakuna aliyenipongeza.

Jumanne, 11 Machi

Mama mwenye hoteli ametoa uamuzi. Mapazia ya vyumba vyote: Nailoni. Tena nailoni yenyewe! Alisema joto alilipata njiani kwenye pikapu, lakini uongo hakuupata. Mimi amenipa mapazia ya bafuni. Amesema ni kwa ajili ya yule mama mkwe, ambaye alimpenda sana. Fundi wangu alisikiliza habari hizi bila kusimamisha cherehani, kisha akasema tunaweza kufika mwisho wa mwaka, tukila kwa adabu.

Nilishika tama hadi mchana. Kisha nikaliona kosa langu, wazi kabisa.

Kumbe watu hulipa! Mama mkwe amelipa, tena kwa furaha. Wenzake wawili wameniuliza nao watajiungaje. Shida haikuwa kifurushi. Shida ni kwamba nilikuwa nimekaa upande wa wanaolipa!

Kwa hiyo: pazia la bafuni lenye kufuli dogo. Mgeni anaingia, anavua, anataka kulivuta. Halivutiki. Anatoa simu, analipia, linavutika. Kuoga kwa mara ya kwanza, bure. Nani atakataa kulipa akiwa katika hali ile?

Mke wangu aliuliza itakuwaje mgeni akiamua kuoga bila pazia, maji yakajaa chumba kizima. Nikamwambia hapo ndipo kinapoingia kifurushi cha pili, cha kukausha sakafu. Akaenda kulala mchana mchana.

Fundi ameshona pazia la kwanza na kufuli linafanya kazi. Limebaki jambo dogo tu: programu inataka jina na namba ya simu ya mwenye mradi. Yangu siwezi kuiweka, maana wageni watapiga wakiwa na sabuni usoni. Lakini shangazi wa mke wangu amenunuliwa simu mpya, na ni mpole sana. Kesho asubuhi nitapita kumsalimia.