Firigisi ya Chumba cha Ishirini

Kakamega nzima, ukiwaondoa mafahali wa kupigana, haijawahi kutoa shujaa kama Ignatius! Hayo si maneno yangu. Ni yake mwenyewe, na huyasema kila ingokho, yaani kuku, inapopakuliwa.

Mwaka wa 1991, marehemu baba yake alileta nyumbani kompyuta kuukuu, zile za kuchomekwa kwenye televisheni, pamoja na disketi moja ya mchezo. Kajitu kanaruka mashimo na buibui, chumba baada ya chumba, mpaka cha ishirini. Mzee akatangaza: atakayefika mwisho ndiye atakayekula firigisi, kipande cha mwenye heshima! Jumapili moja Ignatius akatoka sebuleni mbio. "Nimemaliza!" Ushahidi? Alikuwa ameshazima mashine. Tangu siku hiyo hakuna firigisi iliyompita.

"Mlango wa dhahabu unafunguka," huwasimulia wageni nyumbani kwake Shieywe, huku anatafuna. "Mfalme anashuka ngazi, ananivika taji. Tarumbeta! Fataki!" Kila mwaka mfalme huongezewa askari. Mwaka jana alikuja na helikopta.

Krismasi hii dada yake Zilpah, mwalimu kule Khwisero, akaingia na sanduku lenye ile kompyuta.

"Nimeipata darini kwa mama. Fundi wa redio ameifufua. Hebu tuonyeshe huyo mfalme, Igna."

Weee! Jasho lilimtoka shujaa kuanzia kwapani hadi kwenye soksi.

"Sasa hivi? Kuku itapoa."

"Kuku bado iko kwa moto," akasema mkewe, Milcah.

"Mkono wangu nao unaumanga, dada. Uzee."

"Basi kaa. Nitakuchezea, wewe elekeza."

Akaelekeza! "Ruka!" Zilpah akainama, buibui akapita juu. "Kushoto!" Akaenda kulia, ngazi ikajitokeza. Mwalimu wa watu alicheza huku akimuuliza Milcah habari za kwaya. Robo saa tu, chumba cha ishirini.

Mlango ukafunguka. Wa kahawia. Hapakuwa na mfalme, taji, wala hata tarumbeta ya kuazima. Palikuwa na kiti kitupu na maneno mawili: Umefika. Pumzika.

"Wamebadilisha!" Ignatius akafoka. "Hawa watu wa kompyuta wanabadilishanga vitu!"

"Huko darini kwa mama?" Milcah akauliza.

Kisha ikaja orodha ya wachezaji, ambayo disketi ilikuwa imeitunza miaka yote. ZILPAH, chumba cha ishirini. ZILPAH, chumba cha ishirini. Mara saba! Na chini kabisa, kajina kamoja: IGNA, chumba cha kwanza.

"Jumapili ulikuwa unaenda kutazama mafahali wakipigana," Zilpah akasema. "Mimi niliachwa nichunge sufuria, nikawa nacheza. Nilijua msichana hapewi firigisi, nikanyamaza. Lakini iliniuma, Igna. Kila mwaka nikikutazama ukitafuna, iliniuma."

Ignatius akaangalia dari, kana kwamba helikopta ingekuja kumchukua.

Milcah akatoka jikoni na sahani. Firigisi ikapita mbele ya pua ya mwenye nyumba na kutua kwa Zilpah. Akaitafuna polepole, macho amefumba.

Ignatius akameza mate, akamgeukia mkewe. "Basi nipatie hata shingo, Mama Sydney."

"Shingo," akasema Milcah, "ni ya aliyefika chumba cha pili."