Njia Namba Moja ya Mlima Kyamakore

Prosper alikuwa anakunywa chai ya rangi kwenye kibanda kilichotazamana na gesti ya Bernado, pale Bunda, wazungu wawili walipofika na baiskeli zenye matairi manene kama miguu ya ndama. Walikuwa na swali moja tu: mlima upi huku una njia ya kushuka kwa baiskeli? Bernado, mwenye gesti, akawaonyesha chumba chenye feni. Wageni wakashukuru kwa adabu na kwenda zao. Bernado akabaki mlangoni na ufunguo wa chumba mkononi, akiitazama barabara kama mtu aliyeponyokwa na sangara.

Prosper akaagiza chai ya pili. Mtu mwingine angeona wageni wameondoka. Yeye aliona mwenye pesa ambaye ametambua sasa hivi kwamba kuna kitu anakihitaji, na kitu chenyewe hajui kinafananaje.

Tumpe haki yake kabla hatujamsema. Prosper wa Musoma hakuwahi kumdanganya mjane, wala mtu anayepanga nyanya zake chini. Wazee aliwaamkia kwa kuinama kabisa. Lakini mtu mwenye tamaa, yeye alimwona kama shamba la mahindi lisilo na mlinzi.

Kesho yake alirudi amevaa shati la mikono mirefu, ana faili la plastiki, na ndani yake ramani aliyoichora mwenyewe kwa kalamu za rangi.

"Shikamoo mzee. Naitwa Prosper. Naratibu njia za baiskeli kwenye hifadhi ya Mlima Kyamakore, kule Butiama."

"Marahaba. Nani kakutuma kwangu?"

"Sijatumwa, mzee. Nimepita kusalimia tu. Njia Namba Moja naipeleka kwa yule mama mwenye gesti ng'ambo ya barabara."

Bernado akavuta kiti. "Kaa kwanza. Yule mama hajui hata baiskeli ina pedali ngapi."

"Anajifunza."

"Hiyo Namba Moja ina nini?"

"Ina miamba, ina kona kumi na tatu, ina nyani. Na anayeishika ni mmoja tu. Mgeni akitaka kuishuka, lazima alale kwa huyo mmoja."

"Kwangu," alisema Bernado.

Alitoa nusu ya malipo siku hiyohiyo. Nusu ya pili, ambayo kwa hesabu za wajanja ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, angeitoa siku atakapoiona njia kwa macho yake.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo dogo. Njia haikuwepo.

Juu kabisa ya Kyamakore kuna kijiji. Upande mmoja kuna barabara mbovu inayopandwa na gari siku ya mnada tu. Upande wa pili ni hifadhi: mawe, miiba, na kijinjia cha mbuzi kinachoteremka bondeni. Prosper alikifikia kijinjia hicho jioni, akakitazama, akakitazama tena, kisha akaenda kutafuta mtu wa kuzungumza naye.

Alimkuta Bibi Pelagia akipepeta mtama, na mjukuu wake Justina amekaa pembeni, miguu imemvimba, tumbo limetangulia mbele. Bibi alimpa maji kabla hajamuuliza jina. Prosper akaeleza habari za mradi, maendeleo na wageni watakaokuja. Akaonyesha na ramani.

"Mradi," alisema Bibi. "Tunazijuaga hizo. Sasa mura, kijana wangu, hii kazi ya kulima njia ina mshahara, au unaita risaga?"

Prosper alishtuka kwa furaha. Risaga! Neno hilo alilisikia utotoni kwa babu yake, kabla hajahamishiwa mjini: mtu ana kazi kubwa, anaita majirani, wanakuja na majembe, wanafanya bure. Bure! Alikumbuka vizuri sana. Bahati mbaya alikumbuka nusu.

"Ni risaga, Bibi."

"Utalisema mwenyewe mbele za watu?"

Jumapili, ibada ilipoisha, Prosper alisimama kwenye uwanja wa kanisa akalisema kwa sauti nzuri. Watu wakapiga vigelegele hadi mbwa wakabweka. Mama mmoja alifuta machozi. Prosper akajiona mtu mkubwa.

Nusu aliyoisahau aliletewa asubuhi ya Jumatatu na watu sitini wenye majembe, mapanga na sururu.

"Karibuni, karibuni," alisema.

"Asante," alisema Bibi Pelagia. "Uji uko wapi?"

"Uji gani?"

"Mura, anayeita risaga ndiye anayelisha. Uji asubuhi, ugali na nyama mchana, togwa jioni. Mpaka jembe la mwisho lipumzike."

"Na asipolisha?"

"Hatumgusi," Bibi alisema kwa upole. "Wamama wanamtungia wimbo tu. Jina lake na la baba yake. Wanauimba mnadani Buhemba, wanaushusha mpaka Mugango kwa wauza dagaa."

Mjanja anaweza kupoteza shati na simu akaendelea na kazi. Jina likishaimbwa mnadani, atamuuzia nani nini? Prosper akanunua ng'ombe.

Ng'ombe huyo aliliwa siku mbili. Akanunua wa pili. Watu wa vijiji vya jirani wakasikia, wakaja na majembe yao, maana kazi ya jirani haiangaliwi kwa mbali. Nusu ya Bernado ilikuwa inageuka ugali, na Prosper akijifariji kwamba ile nusu kubwa bado inakuja.

"Niende nikaangalie njia inavyoendelea," alisema siku ya tatu. "Kwenye ramani inatakiwa ikate kulia pale kwenye mkuyu, itokee barabara ya lami."

"Mwenye risaga haachi vyungu," Bibi alimjibu. "Wewe koroga. Njia itafika inakotakiwa kufika."

Jambo ambalo Prosper hakulijua ni hili. Mwaka uliopita mke wa jirani alishushwa kwenye kijinjia kile amelazwa kwenye kitanda cha kamba, wanaume sita wakipokezana, kwenda zahanati iliyoko bondeni. Mama alifika. Mtoto hakufika. Tangu hapo Werema, mlinzi wa hifadhi, aliwatafutia kibali cha kupanua njia, akakitunza kwenye begi lake kama cheti cha ubatizo. Majembe yalikuwepo. Mikono ilikuwepo. Lakini mvua ziligoma misimu miwili, na hakuna nyumba iliyoweza kulisha watu sitini. Kilichokosekana ni mtu wa kuita. Na Justina alikuwa amebakiza wiki mbili.

Siku ya sita Bernado alifika kwa gari, amevaa kofia ngumu ya njano, na nyuma ya gari amelaza baiskeli mpya ya milimani, bado ina nailoni kwenye usukani. Aliisogelea njia. Ilikuwa nzuri kweli. Mawe yamepangwa kandokando na kupakwa chokaa, kila kona ina ukingo.

"Na hii yote ni yangu peke yangu?" aliuliza, akamgeukia Werema aliyekuwa amesimama hapo na sare yake.

Prosper aliuona mdomo wa Werema unaanza kufunguka.

"Mzee!" alidakia. "Siwezi kukuacha upite njia ambayo haijajaribiwa. Usalama kwanza. Nivulie hiyo kofia."

Akaivaa, akairukia baiskeli. Hesabu yake ilikuwa safi: kushuka, kukata kulia kwenye mkuyu, kutokea lami, na jioni baiskeli iko Musoma inatafutiwa mnunuzi.

Kona ya kwanza aliipita kwa madaha. Ya pili aliipita kwa bahati. Ya tatu aligundua kwamba breki za baiskeli hizi ukizigusa zinakurusha, na usipozigusa mlima unakumeza. Nyani waliacha kula wakamtazama. Mkuyu ulitokea, Prosper akatafuta tawi la kulia, na kulia kulikuwa na mwamba mkubwa kama nyumba. Njia ilikwenda kushoto. Naye akaenda nayo, hana la kuchagua, kona ya kumi, ya kumi na moja, akipiga kelele ambazo bonde zima lilizipokea, hadi akaingia uwanja wa zahanati, akapita kati ya akina mama waliokuwa wanapima watoto uzito, na kusimama ndani ya ua wa minyaa.

Nesi Naomi alikuwa ameshatoka nje na beseni la maji ya uvuguvugu. Simu yake ikaita.

"Kafika?" Bibi Pelagia aliuliza.

"Kafika, Bibi. Magoti mawili na kiwiko."

"Dakika ngapi?"

"Tisa tangu uliponipigia kwamba ameondoka."

Kule juu, Bibi aliishusha simu. "Justina, umesikia? Dakika tisa. Wewe tutakushusha taratibu, tuseme arobaini." Justina akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika, na wamama waliomzunguka wakamshika.

Bernado, aliyekuwa anataka kupiga kelele za mwizi, alijikuta amewekwa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Bibi akawaambia watu kwamba huyu ndiye aliyetoa pesa za ng'ombe, na asingekuwa yeye njia isingelimwa. Vigelegele vikapanda. Ni vigumu sana kudai pesa zako huku unavishwa shada la maua. Werema akamweleza kwamba njia ni ya kila mtu, na wageni wake pia wanakaribishwa. Bernado akauliza kama nyama bado ipo.

Bondeni, Prosper alifungwa bandeji, akapewa chai yenye maziwa.

"Dada, lami iko wapi?"

"Upande wa pili wa mlima," alisema Naomi. "Huku njia ni hiyo moja tu uliyokuja nayo."

Akapanda akiisukuma baiskeli, akichechemea. Kila kona kulikuwa na watu wanamalizia kupaka chokaa, na kila mmoja alisimama akamwambia, "Asante, mwenye risaga." Kona ya saba akaanza kuwainamia, kama anavyowainamia wazee.

Karibu na juu alimkuta Bibi Pelagia amekaa kwenye jiwe, ana sahani iliyofunikwa.

"Bibi, ulijua nitakimbia?"

"Nilijua. Naomi nilimwambia achemshe maji kabla hujashika usukani."

Akafunua sahani. Ilikuwa nundu, sehemu ambayo huwekewa aliyeita risaga, na hakuna mwingine aliyeigusa.

"Na Bernado?"

"Yuko juu, ameshiba, anakusubiri. Ana maswali mengi." Bibi akamsogezea sahani. "Kula kwanza, mura."