Vitabu Vitatu Nilivyovipenda Bila Kuvisoma

Jumatatu, 4 Machi

Nimedhalilishwa mbele za watu! Nilikuwa juu ya ngazi maktabani, nikirekebisha saa ya ukutani. Mimi ni fundi saa, hiyo ni kazi yangu. Mfamasia, mwenyekiti wa Kundi la Wasomaji miaka mitatu mfululizo, akawaambia wenzake kwamba maisha yangu yote sijasoma zaidi ya namba kumi na mbili. Wakacheka. Hata Mkutubi, mama mstaarabu, alijificha nyuma ya daftari.

Wakati wa kutoka nikaona tangazo mlangoni. Jumamosi alasiri, uchaguzi wa mwenyekiti. Kila mgombea aeleze vitabu vitatu anavyovipenda: cha mapenzi, cha upelelezi, cha historia. Wasikilizaji watapiga kura. Mwenyekiti hukalia kiti chenye mikono na huchagua vitabu vipya vya mwaka mzima.

Nimejiandikisha. Kwa wino! Dawa ya moto ni moto.

Jumanne, 5 Machi

Nimeazima vitabu vitatu, nikavifunika kwa magazeti ili wateja wasijue siri yangu. Cha upelelezi kina kurasa mia tatu na arobaini. Mwandishi hana kazi nyingine? Cha historia nimekitoa upesi kwenye rafu kwa sababu ndicho kilichokuwa chembamba.

Mke wangu ananishauri nianze ukurasa wa kwanza, niende wa pili, na kadhalika. Ushauri wa watu wasio na mipango.

Mimi nina mpango. Mama mkwe yuko kwetu, amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho limefungwa, na daktari amemkataza kusoma mwezi mzima. Mwalimu mstaafu! Bora angemkataza kupumua. Basi mimi nitamsomea, yeye atatoa maoni, nami nitayanakili. Yeye kapata msomaji, mimi nimepata akili.

Jumatano, 6 Machi

Mama mkwe alifurahi mpaka akanishika mkono. Kasema binti zake wote wameolewa vizuri, lakini huyu wa tatu amepata mtu. Niliona haya kidogo. Kidogo tu.

Tukaanza na mapenzi. Kurasa sita nzima binti yuko dirishani anangoja barua. Nikachoka kabla yake. Nikaruka kurasa ishirini. Nikaruka nyingine ishirini. Mama mkwe akainua kidole.

"Mwanangu, huyu binti ameolewa lini?"

Nikamwambia vijana wa siku hizi wana haraka, mama.

"Na mtoto anayelia ni wa nani?"

Nikasema wana haraka kweli kweli.

Akakishusha kidole. Kisha akasema kwamba kungoja barua si mapenzi. Mapenzi ni yule anayebaki nyumbani barua ikishasomwa. Lulu! Nikaiandika kiganjani.

Alhamisi, 7 Machi

Upelelezi. Tajiri kafa chumbani, mlango umefungwa kwa ndani. Kurasa kumi za kwanza zilininasa. Nusura nikisome chote. Nikajikaza, nikaruka mpaka mwisho. Muuaji ni mtunza bustani.

Mama mkwe akauliza, mtunza bustani yupi? Hajamsikia popote. Kusema kweli, hata mimi. Akatoa hukumu: mwandishi mvivu, kamwokota muuaji njiani. Nimenakili neno kwa neno.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe kaenda kusafishwa jicho. Historia nimeimaliza peke yangu: ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Kisa cha kutisha! Malkia anawaua dada zake siku ile ile anapozaliwa. Anahudumiwa na maelfu. Mwishoni madume yote (mwandishi ana lugha kali) yanatimuliwa yakafe nje kwa baridi. Machozi yalinilengalenga.

Nimempitia Mfamasia dukani kwake. Nimemwambia ajiandae kusimama wima, kiti kina mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbi ulifurika. Mstari wa mbele nani? Mama mkwe, na bandeji yake, ameshikwa mkono na mke wangu! Sikumwalika.

Sikurudi nyuma. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaanza na mapenzi, nikasoma kiganja huku nikijifanya natazama dari. Makofi! Nikaingia upelelezi: mwandishi mvivu, kamwokota muuaji njiani. Mfamasia akainuka, mpole kama sindano. Akasema mtunza bustani yumo tangu ukurasa wa thelathini, ana mbwa, ana wivu, ana sura nzima ya peke yake. Shingo ya mama mkwe ikageuka polepole kunielekea.

Nikakimbilia historia. Nikamlilia malkia, nikawalilia dada zake. Mzee mmoja akauliza ufalme huo ulikuwa wapi. Nikasema ni wa zamani mno. Mkutubi akaja, akalivua gazeti lililofunika kile kitabu.

"Ndugu," akasema, "hiki ni cha kufuga nyuki."

Nimewahi kusikia vicheko. Vile vilitikisa madirisha.

Ndipo mama mkwe akasimama. Nusu ya ukumbi aliifundisha kusoma, basi ukumbi ukanyamaza kama darasa.

"Mkwe wangu amenisomea," akasema. "Sijui kurasa ngapi ameniibia. Lakini zile alizoruka nimezitunga mwenyewe, nikiwa nimekaa na jicho langu moja. Yule binti wa dirishani nimemwandikia barua tatu."

Akazisema zote tatu, kwa moyo, bila karatasi. Mfamasia alivua miwani akaifuta. Mimi nilikuwa na kitu machoni, nadhani vumbi la saa.

Hakuwa mgombea. Mkutubi akaliandika jina lake ubaoni hivyo hivyo. Kura: mama mkwe arobaini na moja, Mfamasia kumi na mbili, mimi moja. Hiyo moja ni yangu. Mke wangu hajutii.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe kaniita wakati wa chai. Nilidhani nafukuzwa nyumbani kwangu mwenyewe. Hakugomba. Alisema tu kwamba aliposikia maneno yake yakitoka kinywani mwangu alifurahi kwanza, akaumia baadaye, na angependa nimpe sababu ya kufurahi tena. Nikainama, nikaomba radhi, na radhi hiyo sikuiiba kokote.

Akaniteua: Msomaji wa Mwenyekiti. Kila alasiri, neno kwa neno, na mke wangu akifuatilia pembeni kwenye nakala ya pili. Nimekubali kwa unyenyekevu. Ni cheo. Mfamasia hana cheo.

Mada ya mwezi ujao imetangazwa: vitabu vya watoto. Vyembamba! Tena vina picha kila ukurasa. Sioni maneno ni ya nini.