Kuhusu Watu Thelathini na Sita Waliosema Hainihusu

Kwa Katibu wa Utafiti,
Ushirika wa Kiswahili, Sydney Magharibi.

Ndugu Katibu, dada yetu Chebet,

Natumaini u mzima wa afya, maana ungekuwa mgonjwa kamati yangu ingekwisha kufika.

Mimi ni Rufus Wainaina, Mwenyekiti wa Kamati ya Kutembelea Wagonjwa, mwaka wa sita sasa. Jumapili iliyopita, watu wakinywa chai nyuma ya ukumbi kule Granville, ulibandika ukutani matokeo ya utafiti wako. Swali la saba liliuliza mtu anaridhika kiasi gani na jinsi ushirika unavyomtembelea akiugua. Visanduku vilikuwa vitano, kuanzia Siridhiki kabisa hadi Naridhika sana, na pembeni peke yake kimoja cha sita: Hainihusu. Fomu zilirudi arobaini na saba. Thelathini na sita walichagua Hainihusu. Wewe ukawaweka kando wote, ukawapanga kumi na mmoja waliobaki, ukamchukua wa katikati, ukaandika kwamba kamati yangu ni ya Wastani. Sasa Baraza linakutana tarehe ishirini na mbili kuamua kama tuvunjwe na kazi apewe Abigail wa vijana.

Nimeumia, dada, sifichi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Thelathini na sita ni umati. Walikaa, wakashika kalamu, wakaweka alama. Unasema jibu lao halina nafasi kwenye mpangilio, kwa kuwa Hainihusu si zaidi ya Wastani wala si pungufu. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, takwimu sikusomea, lakini najua kwamba mtu ambaye hajalalamika hajalalamika.

2. Nafasi ipo, tena ya juu. Aliyeridhika sana ilibidi kwanza augue. Wa Hainihusu hakuugua kabisa. Nani kati yao ana raha zaidi? Basi Hainihusu iwekwe juu ya Naridhika sana. Ukifanya hivyo, mtu wa katikati anaangukia kwenye Hainihusu, na kamati yangu inakuwa imepita kiwango cha mwisho cha kuridhisha. Nimehesabu mara tatu, ya tatu nikiwa na mke wangu Mbula, ambaye ni mmoja wa wale wawili walioandika Naridhika sana. (Alishikwa na mafua mwezi wa sita, nikamtembelea chumbani.) Wa pili simtaji, kwa unyenyekevu.

3. Kuna familia kumi na tisa ambazo hazikurudisha fomu. Nazo zihesabiwe. Mtu aliyeridhika mpaka haoni haja ya kutafuta kalamu ameridhika kweli.

4. Swali la kwaya lilijibiwa na watu wote arobaini na saba, na hakuna hata mmoja aliyesema Hainihusu. Maana yake kwaya inamgusa kila mtu, apende asipende. Mbona haivunjwi?

5. Hili ndilo linalonichoma zaidi. Unapendekeza kwamba safari ijayo tuulize kwanza, "Je, mwaka huu uliugua au ulilazwa?", ndipo tuulize habari za kuridhika. Huko ni kuchimba mambo ya watu. Mwenzetu akilazwa tunasikia. Hatujafikia hali ya mtu kuugua Sydney hii kama hana kwao.

Naomba basi hesabu irudiwe, kamati iongezewe miaka sita, na tupewe cheti kwenye karamu ya mwisho wa mwaka. Nitaambatisha sahihi za hao thelathini na sita. Leo jioni naanza na Mama Chibalonza wa St Marys, ambaye alisema mwenyewe mbele yetu sote kwamba alichagua Hainihusu.

Nisalimie mumeo, wakwe wote walioko Eldoret, na Patrick wenu, ambaye najua ataitikia salamu kwa Kiingereza.

Mimi wako katika huduma,
Rufus Wainaina
Mwenyekiti (hadi tarehe ishirini na mbili)

Nyongeza: Nimetoka kwa Mama Chibalonza. Alinifungulia mlango akitembea kwa magongo. Mwezi wa nane alivunjika nyonga, akalazwa siku kumi na moja, na wiki tano baada ya hapo alikuwa peke yake katika nyumba ile. Nilimuuliza kwa nini basi alichagua Hainihusu. Alijibu kwa upole kabisa, kwa Kiswahili cha kwao Kongo: "Baba, hamukukuya. Nikaona hiyo ulizo ni ya wale wenye walitembelewa. Mimi hainihusu." Ni kweli, hatukwenda. Kisha akanipikia chai, akiwa kwenye magongo, na akatia sahihi kwa sababu nilimwomba. Nimeona haya, dada. Barua nimeiacha kama ilivyo ili uone tulivyokuwa tunafikiri. Sahihi yake usiihesabu. Nitumie lile swali lako la kuulizwa kwanza, lile nililolilalamikia kwenye namba tano. Wamebaki thelathini na watano, na kwa kuwa fomu hazina majina, kesho naanza na nyumba ya kwanza kwenye orodha ya wanachama.