Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Usalama wa Mgonjwa, Hospitali ya Mpindira

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye hakuweza kufika, na mheshimiwa aliyetumwa kutoka Lilongwe kumwakilisha, ambaye naye yuko njiani. Machifu wakubwa, machifu wadogo, na mabwana mnaobeba viti vya machifu. Mwenyekiti wa Kamati ya Ushauri, na Mwenyekiti wa Kamati ya Kuishauri Kamati ya Ushauri. Wachungaji na mashehe. Wauguzi wetu wote, ambao nimeagiza watoke wodini leo ili kwaya itimie sauti nne (vigelegele). Ndugu wauguzaji, ninyi mnaolala chini ya vitanda vya wagonjwa wenu, mkawaogesha, mkawasongea nsima na kuwageuza ubavu. Na ninyi wagonjwa mnaonisikia madirishani mtake msitake: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa kadiri ya cheo chake. (Makofi. Mchungaji anaanza sala ya kufunga, anakatazwa.)

Mimi, Wyson Kapalamula, Mkurugenzi Msaidizi wa Uratibu wa Mipango Inayoratibiwa, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wakubwa wangu wamekiri kwa maandishi kuwa haujapata kuonekana katika wilaya hii, nikizindua Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Uuguzi, Huduma na Usalama wa Mgonjwa, chenye ghorofa tatu, maabara ya dijitali, na mfumo jumuishi shirikishi wa kutathmini tathmini. Tumekwisha kukusanya data. Asilimia tisini na nne ya wagonjwa walisema wako salama, na asilimia sita waliobaki walikuwa wamelala. (Makofi. Sauti: "Wamelala au wamelazwa makaburini?" Kicheko.)

Mwenye sauti hiyo nitamwona baadaye.

Wivu si tabia yangu, kwa hiyo nitakiri kwamba wazo lilichochewa kidogo na Sista Tamandani Nyirongo wa Wodi ya Pili, yule pale, sauti ya kwanza, aliyeniletea daftari la utafiti alioufanya kwa miezi minane. Sikulisoma lote kwa sababu ya majukumu, ila nililipokea kwa mikono miwili. Ameandika kwamba hapa kwetu kadi ya dawa hufungwa kwenye kitanda, si kwa mgonjwa, na kwamba wauguzaji, kwa wema wao, huwahamisha wagonjwa wao bila kusema, huyu akimbie bati linalovuja, yule alale karibu na mtu wa kijijini kwao, kisha anakuja muuguzi mmoja mwenye wagonjwa sitini, anasoma kitanda, anatibu kitanda. Mara kumi na tisa dawa imeingia kwa mtu asiye wake. Na anaomba nini? Jina la mgonjwa lifungwe mkononi mwake. Basi! Nikamwambia, dada yangu, una akili lakini unaota ndoto fupi. Mkononi? Sisi tutafunga setilaiti! (Makofi ya machifu.)

Na ili mjue kwamba usalama tumeanza nao, leo asubuhi nimeagiza wagonjwa wenye nyuso za kupendeza wahamishiwe vitanda vya mbele, vyenye shuka mpya, na wanaokohoa wasogezwe ndani. (Sauti ya mwanamke: "Na kadi zao, Bwana?") Kadi, mama, hazikuguswa. Zimebaki vitandani palepale, kwa ajili ya kulinda kumbukumbu. Na kwa kuwa wauguzi wako kwayani, nimeazima muuguzi mmoja kutoka kituo cha afya cha jirani, mchapakazi, hamjui mgonjwa hata mmoja, anafuata kadi bila kubabaika!

(Mwanamke anasimama, kikombe cha uji wa thobwa mkononi. Ni Nakhonje, anayemuuguza mdogo wake. "Dalitso wangu mmemlaza kitanda cha kumi na nne! Penisilini ikimgusa anavimba koo! Sista, wa kumi na nne anachomwa nini?" Sista Tamandani: "Penisilini. Saa nne.")

Mama, maswali ni kipengele cha kumi na saba, baada ya soda.

("Saa nne ndiyo hii! Kufika kipengele cha kumi na saba nitakuwa nashona sanda!")

Sista Tamandani, rudi kwenye mstari. Sista! Nitakuandikia barua ya onyo, nakala kwa... (Sista anavua viatu na kukimbia, Nakhonje nyuma yake. Sauti ya kwanza yote inamfuata, kisha ya pili. Besi wanabaki wakitazamana, nao wanakimbia.) Mnaniacha bila wimbo?

Nitaendelea na waliobaki, yaani chifu, chifu mwenzake, na fundi wa kipaza sauti. Katika awamu ya pili, kila mgonjwa atakuwa na mtafiti wake, na kila mtafiti mtafiti wake... Hapo nyuma, huo mkasi mnaupeleka wapi? Mama, huo ni utepe wa uzinduzi, mita kumi na mbili za hariri!

("Tunaukata, Bwana. Si ndicho ulichokuja kufanya?" Kicheko. Wauguzaji wanakata vipande vya urefu wa shubiri. Mchungaji anatoa kalamu: "Wa kwako anaitwaje, bibi? Niandikie herufi kubwa?" Vipande vinapitishwa dirishani. Dirisha la Wodi ya Pili linafunguka, Sista Tamandani anachomoza kichwa: "Tumemkuta muuguzi wa kuazima, sindano iko mkononi mwake! Haijaingia!" Vigelegele wodi nzima. Nakhonje, nyuma yake, analia na kucheka: "Dalitso anauliza ni nani huyo anayepiga kelele tangu asubuhi!")

Andika! Katibu, andika! Saa nne na dakika mbili, Kituo kimeokoa maisha ya kwanza, na hivyo kuwa taasisi pekee katika bara hili iliyotoa matokeo kabla ya kuanza!

Nikisema "Usalama", mnajibu "Mkononi!" Usalama! (Dirishani, kwa kishindo: "Mkononi!") Utafiti! (Dirishani: "Soma daftari!") Hiyo haimo kwenye ratiba.

Basi sina budi kushukuru. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao barua ya kuwatafuta iko hatua za mwisho za kuandikwa. Wagonjwa elfu tatu, kwa kujaza dodoso ambalo tutalichapisha. Mchoraji wa ramani, ambaye nafasi yake itatangazwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru mama mwenye shamba hili la mahindi tulilolizunguka leo, kwa kuturuhusu kulitazama kama Kituo kwa saa mbili nzima. Mama, palilia bila wasiwasi. Mwaka huu, mwaka kesho, na ule unaofuata.