Malalamiko Kuhusu Mizigo Iliyofika Salama

Kwa Ndugu Msimamizi,
Kampuni ya Kuhamisha Mizigo,
Ofisi iliyo juu ya karakana ya matairi.

YAH: MIZIGO YANGU KUFIKA YOTE, TENA MIZIMA

Ndugu Msimamizi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba wafanyakazi wako nao hawajambo. Mimi sijambo kidogo, ila nina malalamiko. Binti yangu ameniambia kwamba mtu mwenye malalamiko huandika barua badala ya kuzunguka chumbani akinung'unika, kwa hiyo nimekaa chini kuandika.

Mimi ni yule mzee mliyemhamisha wiki tatu zilizopita, kutoka nyumba yenye ngazi za mbao hadi vyumba viwili vya chini, jirani na anapoishi binti yangu. Mizigo yangu mwenyewe haikuwa mingi: kitanda, meza ya kulia, masufuria na redio. Iliyobaki yote ilikuwa ya duka la marehemu mke wangu. Duka lenyewe halina mlango wala kaunta. Liko mtandaoni, linaitwa Vidogo, na linauza modeli za kukusanya: mabasi, malori, treni na ndege, zile za kukaa kiganjani, ambazo watu wazima wenye akili zao hununua wakaziweka kwenye rafu wasiziguse tena. Wateja walimwita mke wangu Mama Vidogo, ingawa alikuwa mrefu na alinipita mimi kwa vidole vinne.

Ili uelewe uzito wa kosa lenu, lazima nikueleze jambo moja. Katika mwezi wake wa mwisho, siku moja nikimchana nywele, mke wangu aliniambia, "Duka usilifunge wakati bado kuna kitu kizima kwenye rafu." Nikasema sawa. Huwezi kubishana na mgonjwa huku umeshika kitana chake.

Tangu hapo imepita miezi minane. Mimi nilikuwa mtunza stoo wa shule kwa miaka thelathini na mmoja. Najua madawati, ndoo na chaki, modeli sizijui. Binti yangu anasema, "Funga tu, baba. Mama alikuwa anatania." Lakini mama yake alinitania mimi, duka hakuwahi kulitania hata siku moja. Na mtunza stoo hafuti kitu daftarini mpaka akione kimevunjika kwa macho yake. Basi iliposemwa kwamba nihame, nilijisemea kimoyomoyo kuwa wahamishaji watanimalizia kazi. Modeli mia nne na kumi na mbili, ngazi za mbao, barabara ya mashimo matupu. Nitafika na vipande, nitaviweka mbele ya picha yake, nitamwambia, unaona mwenyewe, hakuna kizima. Kisha nitalifunga duka kwa heshima, nipumzike.

Wewe ukaniletea watu waangalifu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Hamkuvunja kitu. Nimekagua siku mbili kwa kioo cha kukuzia. Hata ile ndege yenye mkia mwembamba kama njiti ya kiberiti imefika na mkia wake. Kiongozi wa kikosi chenu, yule ambaye wenzake wanamwita Taratibu, aliifunga kila modeli peke yake kwa plastiki ya mapovu, kisha kwa karatasi, kisha akailaza kwenye boksi kana kwamba ina homa. Nilimwambia kwa nia njema kabisa asijichoshe, hivyo ni vitu vya kuchezea tu. Akasema, "Mzee, vya kuchezea havifungiwi kabatini." Nikampisha. Si jambo zuri mtu kushindwa hoja akiwa nyumbani kwake.

2. Dereva wenu haendeshi gari, analisindikiza. Nilikaa naye mbele. Kila shimo alilizunguka kama mtu anayepita katikati ya watu waliolala. Mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu alitupita, akatupungia mkono. Nilipomwambia dereva kwamba yale mashimo madogo anaweza kuyapita tu, mimi siyajali, alijibu kwamba nyuma amebeba mabasi zaidi ya mia, na yeye maishani hajawahi kukabidhiwa hata moja. Hakuongeza mwendo.

3. Mliandika juu ya maboksi. Si neno moja tu la kuonya watu, bali maelezo kamili: "Rafu ya pili, kushoto, mabasi mekundu." Maboksi arobaini na saba, yote hivyo hivyo. Mmeninyima hata nafasi ya kusema kwamba vitu vimechanganyika.

4. Kiti. Kabla ya kuinua kiti cha kazi cha marehemu, Taratibu aliniuliza kilikuwa kinatazama wapi. Nikamwambia kiti hakitazami popote, kiti kinakaliwa. Akacheka kidogo, akasema kiti cha fundi kina upande wake, akakipiga picha kwa simu. Tulipofika huku akakiweka mbele ya meza yake, kikitazama dirisha, kama kule. Dirisha la huku linatazama uani, kwenye kamba za nguo za majirani. Tangu siku hiyo nikiamka asubuhi kiti kile ndicho kitu cha kwanza ninachokiona, kimekaa mkao wa kusubiri mtu. Sikuagiza huduma hii.

5. Hili ndilo linaloniuma zaidi, nalo ni la kabati. Kabati lile la modeli, lililokaa kando ya meza yake ya kazi, halikusogezwa kwa miaka kumi na minne. Mke wangu alikuwa akitengeneza modeli mezani, na kila kipande kidogo kilichomponyoka kiliviringika hadi chini yake. Alikuwa mkweli kwa wateja. Kwenye ukurasa wa duka mpaka leo imeandikwa, "Lori la kijani, halina kioo cha pembeni upande wa kushoto. Kiko chini ya kabati." Kazi ya kuvitafuta ilikuwa yangu. Nilikuwa nalala kifudifudi na tochi na rula. Kwa kuwa wewe hunijui, nitaungama hapa: tangu mwaka magoti yalipoanza kuniuma nilikuwa nalala pale, nahesabu mpaka ishirini, nainuka nikisema hakipo. Naye alikuwa akisema, "Haya, siku moja hilo kabati litatapika."

Watu wako wakaliinua, likatapika. Ungetegemea mtu achukue ufagio. Lakini yule mfanyakazi wenu mrefu, anayeinama kila mlangoni, alipiga magoti akaviokota kimoja kimoja kwa ncha ya kidole alichokilowesha, akavipanga kwenye karatasi nyeupe. Vilikuwa sitini na vitatu. Magurudumu, taa, vioo, mlango wa behewa, usukani usiozidi punje ya dengu, na kifungo cha shati langu ambacho nilimlaumu dobi kwa kukipoteza hadi akaacha kunisalimia. Wakavitia vyote kwenye chupa ya jemu wakanikabidhi.

Naomba uone hasara yangu. Rafuni kulikuwa na modeli thelathini na nane zenye kasoro. Hizo ndizo zilizokuwa tumaini langu, hatua ya kwanza ya kufunga duka. Sasa kila moja ina kipande chake ndani ya chupa. Niliwaita mnipunguzie vitu vizima, ninyi mkaniongezea. Na yeye alisubiri miaka kumi na minne kabati litapike, likatapika hayupo.

6. Siku ya nne baada ya kuhamia, mfanyakazi wenu huyo mrefu alileta oda. Nikueleze kwanza kwamba ujumbe wa wateja huwa naufungua kila asubuhi, nausoma, naufunga. Wote unaanza kwa "Habari Mama Vidogo," nami sina desturi ya kujibu salamu ya mtu mwingine. Sasa huu wake ulikuja hivi: "Habari Baba Vidogo. Mimi ndiye niliyeokota vile vipande. Nataka lile lori la kijani. Kioo chake kimo kwenye chupa, kina kona moja iliyopinda. Ukikibandika nalichukua. Mama yangu aliendesha lori kama lile."

Kwanza, jina hilo nimepewa na nani? Hakuna kikao nilichoitwa. Pili, nitakataaje? Anayemwandikia Mama Vidogo naweza kumnyamazia, maana anayeulizwa hayupo. Lakini Baba Vidogo yupo. Hana safari, hana kazi, na kiti kiko pale kimeshawekwa. Tatu, mikono yangu ni ya kuhesabu madawati. Kioo kile ni kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, na supaglu sijawahi kuishika ila siku ya kuziba ndoo.

Kwa sababu hizo, naomba mnifidie kama ifuatavyo.

(a) Jirani yangu hapa, fundi cherehani, ameniambia kwamba mna kikosi cha pili, kile kilichompasulia kioo cha kabati na kumpotezea mguu mmoja wa meza. Anawasimulia kwa uchungu, nami nilimsikiliza kwa wivu. Kwa nini yeye apewe kikosi hicho na mimi ninyimwe? Naomba waje kwa nusu siku. Si lazima wabebe kitu. Wapite tu chumbani kama kawaida yao.

(b) Ikishindikana, nipewe barua ya kampuni inayosema kwamba modeli zote mia nne na kumi na mbili zilivunjika njiani. Najua kwamba kwa kazi niliyoifanya maisha yangu yote sipaswi kuikubali barua ya aina hiyo. Ndiyo maana naomba iwe na mhuri mkubwa.

(c) Yule mrefu aonywe, aondoe oda au aondoe jina, kimojawapo. Kama kuliondoa jina kuna usumbufu, anaweza kuliacha.

(d) Mje mchukue maboksi yenu matupu. Taratibu aliahidi kuyafuata na hajayafuata. Arobaini na saba yamepangwa ukumbini mpaka karibu na dari, na kwenda bafuni lazima nipite ubavu. Nawapa siku saba. Mtu anayefunga duka hana haja na maboksi.

Nisalimie Taratibu, na dereva, ukimkuta amefika. Msalimie mrefu pia. Yeye hana kosa kubwa zaidi ya malezi mema. Na yule dada wa simu ofisini kwenu, aliyenipa pole ya msiba kabla ya kuniuliza anwani, mwambie nilisikia, ila siku ile nilimpa anwani tu.

Ni mimi, mteja aliyehudumiwa vizuri kupita kiasi,

Mtunza Stoo Mstaafu,
Vyumba vya chini, mlango wa bluu.

Nyongeza: Nilikuwa sijafunga bahasha nilipoona ni haki nikuambatishie ushahidi kwamba kioo kile hakibandikiki na mtu kama mimi. Baada ya chakula cha mchana nikakaa kwenye kiti cha marehemu na kibano chake. Mara ya kwanza kioo kilinata kwenye dole gumba langu. Mara ya pili kilikaa kichwa chini. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kiti kinatazama dirisha: mwanga unaingia kutoka mbele, kivuli cha mkono kinaangukia nyuma, na unaona mpaka tundu la sindano. Miaka yote ile nilidhani alikuwa anapenda kutazama nje. Binti yangu alipopita jioni kioo kilikuwa mahali pake, na ile kona yake iliyopinda. Alilishika lori muda mrefu. Hakusema tena habari ya kufunga.

Nimemjibu mrefu kwamba lori lake ni zima. Nilipomaliza nikaona si vizuri kumjibu mmoja na kuwaacha wengine, nikawaandikia wote, nikawaeleza kwamba Mama Vidogo amefariki, kwamba tumehama, na kwamba kabati limetapika. Kumbe lile la kabati walikuwa wanalijua siku zote. Wanne wameniuliza kama vipande vyao vimeonekana, na watatu wameagiza.

Kwa hiyo kikosi cha pili kisije, hata kunisalimia. Barua ya mhuri sitaihitaji. Na maboksi tafadhali msiyafuate. Yamebaki arobaini na matatu, na nikitazama rafu naona hayatanitosha.